Titi la Sponji

Nakhumicha aliuza sidiria za mitumba katika soko la Kangemi, na kwa muda mrefu hakuna aliyemjua kwa jambo lingine. Kibanda chake kilikuwa katikati ya safu ya nguo, baina ya muuza viatu vya watoto na fundi cherehani. Wateja walimwita Mama Lenox, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na jicho lake halikukosea. Angemwona mwanamke akija kwa mbali, na kabla hajafika kibandani, saizi yake ilikuwa imeshavutwa kutoka kwenye rundo.

"Hii ndiyo yako, mama. Hiyo umevaa inakunyonga bure."

Wanawake walicheka, wakaijaribu sidiria juu ya blauzi, wakanunua. Kazi yake ilikuwa hiyo, na aliipenda. Hasira haikuwa tabia yake. Hasira ilimjia mwaka 2005, na aliyemletea alikuwa dadake, bila kukusudia.

Rachael ndiye aliyetangulia kutoka Bungoma kuja Nairobi. Ndiye aliyempokea Nakhumicha akiwa msichana mwenye begi moja, akampa nusu ya kitanda chake na kumwonyesha jiji. Sasa aliishi Kabiria, akifulia watu nguo katika nyumba za matajiri. Jumapili moja baada ya kanisa, wakiwa wameketi nje ya mlango wakichambua kunde, Rachael alisema kwa sauti ya chini, kama anayesimulia habari za jirani, kwamba titi lake la kushoto lina kitu.

"Kitu gani?"

"Kigumu. Kama kokoto."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Lakini usinitolee macho, nilienda kliniki."

Kumbe alikuwa ameenda mara tatu. Ilikuwa kliniki ya mtu binafsi pale pale Kabiria, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na daktari wake alikuwa kijana mpole aitwaye Ndegwa. Mara ya kwanza alimpa dawa ya maumivu. Mara ya pili akampa vidonge vya kuua viini. Mara ya tatu alimwambia kwamba hayo ni maziwa yaliyoganda.

"Maziwa!" Nakhumicha aliiacha kunde. "Dada, mtoto wako wa mwisho anamaliza shule ya msingi. Maziwa ya nani?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na aligusa?"

"Kugusa nini?"

"Titi! Aliligusa akalisikia hilo kokoto kwa mkono wake?"

Rachael alitazama majani yaliyokuwa mapajani mwake. "Aliandika tu. Alikuwa upande ule wa meza na mimi upande huu."

Kesho yake Nakhumicha alifunga kibanda, akamchukua dadake hadi hospitali kubwa ya serikali mjini, wakapanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Aliyewapokea chumbani alikuwa muuguzi wa makamo, Sista Syokimau, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Alinawa mikono, akaisugua pamoja ipate joto, akavuta pazia.

"Mama, nitakutazama kwanza, halafu nitakugusa. Ukiumia, sema. Ukitaka niache, nitaacha."

Nakhumicha alikumbuka maneno hayo muda mrefu baadaye, kwa sababu hakuwahi kusikia mtu wa hospitali akiomba ruhusa.

Rachael alivua blauzi. Sista alimtaka ainue mikono juu, kisha aishushe, kisha aikaze kiunoni, naye akitazama tu. Hapo Nakhumicha aliona kwa mara ya kwanza alichokuwa dadake akikificha chini ya nguo: ngozi ya titi la kushoto ilikuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu ilikuwa imevutwa ndani. Kisha sista akamlaza, akaanza na titi la kulia, lile zima, na baadaye akahamia la kushoto. Hakusema neno. Lakini vidole vyake vilipofika kwapani, vilisimama.

Ilikuwa kansa, na ilikuwa imeshatembea mwilini. Walianza matibabu, lakini hakuna aliyewadanganya.

Siku moja, Rachael akiwa amelazwa, Nakhumicha alimwuliza sista swali lililokuwa likimkereketa.

"Sista, kugusa vile ulivyogusa, ni kazi ya daktari peke yake?"

"Nani kakuambia? Kila mwanamke anaweza kujigusa. Hatajua kama ni kansa, hilo linajulikana maabara. Atajua tu kwamba kuna kitu ambacho hakikuwepo, na atakuja mapema."

"Basi nifundishe."

Syokimau alitazama huku na huku. Zamani, alisema, walikuwa na titi la plastiki la kufundishia, lakini lilipotea na hakuna aliyeleta lingine. Rachael, aliyedhaniwa amelala, alifungua macho.

"Mfundishie kwangu."

"Hapana, dada."

"Nakhumicha, watu wamenitazama mwaka mzima. Wewe niguse. Nataka ujue linavyokuwa, ili siku ukilikuta kwa mwingine, mtu asikuambie ni maziwa."

Basi Sista Syokimau akakunja kitambaa, akakiweka chini ya bega la Rachael na kuupeleka mkono wa mgonjwa nyuma ya kichwa. "Hivi titi linatandaa," alisema. "Likijikusanya mahali pamoja hutasikia kitu." Kisha akaushika mkono wa Nakhumicha.

"Vidole hivi vitatu vya kati. Si kwenye ncha, ncha ina kucha na haisikii vizuri. Tumia hapa, penye nyama laini. Vilaze bapa. Na usifinye! Ukilifinya titi kwa vidole viwili, kila mahali utadhani pana uvimbe, utajitisha bure. Zungusha polepole, mduara mdogo. Vidole visiteleze juu ya ngozi, viende pamoja na ngozi. Kwanza bonyeza kidogo tu, usikie kilicho chini ya ngozi. Ongeza. Sasa ongeza tena mpaka usikie mbavu. Umesikia? Haya, sogea upana wa kidole, anza upya."

"Nianzie wapi?"

"Anzia kwapani. Shuka mpaka pale mkanda wa sidiria unapokaa, panda tena mpaka mfupa huu wa chini ya shingo. Kama unayepalilia shamba, mstari baada ya mstari, usiruke. Na kwapa lenyewe usilisahau. Watu wengi hulisahau."

Alimwanzishia upande wa kulia, ajue kwanza titi zima lilivyo. Nakhumicha alishangaa kwamba hata titi zima lina uvimbeuvimbe wake, laini, kama maharagwe yaliyoiva kwenye mchuzi. Sista akamweleza kwamba hayo ni ya kawaida, na ndiyo maana mwanamke lazima ayazoee ya kwake mwenyewe, kila mwezi, siku chache baada ya hedhi titi linapokuwa halijajaa. Kisha wakahamia kushoto. Vidole vya Nakhumicha vilitembea, vikatembea, vikagota. Kile kitu kilikuwa kigumu, hakina umbo, na alipokisukuma hakikusogea. Kilikuwa kimejishikiza kama mzizi.

"Umelipata?" Rachael aliuliza.

"Nimelipata."

"Basi usilisahau."

Walimzika Bungoma kabla ya mvua za masika. Njia nzima ya kurudi Nairobi Nakhumicha alikuwa akipanga matusi. Aliyapanga kwa Kiswahili, akayapanga kwa Kibukusu, na asubuhi iliyofuata aliyabeba yote mpaka Kabiria, akaingia kwenye kile chumba chenye pazia bila kubisha.

Ndegwa alikuwa mezani. "Karibu, mama. Una shida gani?"

"Unamkumbuka Rachael?"

"Wagonjwa ni wengi, mama..."

"Mwembamba. Ana pengo la meno ya mbele, akicheka anaziba mdomo. Alikuja hapa mara tatu akikuambia juu ya titi lake."

Kijana aliweka kalamu chini. Ilionekana wazi kwamba alikumbuka. "Anaendeleaje?"

"Tumemzika."

Ndegwa aliinuka kana kwamba anataka kwenda mahali, kisha akaketi tena.

"Nitakuambia ukweli," alisema hatimaye. "Hapa niko peke yangu. Sina nesi. Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye, alimpima mama mmoja kifua, mume akaja na vijana wa mtaa. Walisema daktari anashika bibi za watu. Walivunja kila kitu, naye akakimbia kama mwizi. Tangu siku hiyo mimi..."

"Hugusi."

"Sigusi."

Nakhumicha alikuwa amekuja kumtukana mtu mvivu, au mjinga, au mpenda pesa. Matusi aliyoyapanga yalikuwa ya watu hao. Hakuwa amejiandaa kwa mtu mwoga, na ajabu ni kwamba jibu hilo lilimchoma kuliko lingine lolote.

"Kwa hivyo uliogopa."

"Niliogopa, mama."

"Sasa si ungemwambia! 'Mama, mimi naogopa kukushika, nenda kwa mwingine.' Hayo ni maneno ya kushinda mtu aliyesoma? Dadangu angeinuka hapo alipokaa akaenda. Wewe uliogopa watu watasema nini, ukachukua woga wako ukamfungia kwenye karatasi na vidonge, akaubeba mpaka kaburini. Akidhani ni maziwa!"

"Pole sana, mama."

"Pole yako ipeleke Bungoma ukamwambie mwenyewe."

Alitoka. Aliteremka barabara bila kuona watu waliomsalimu, na neno lililomrudia kichwani halikuwa jina la Ndegwa tena. Lilikuwa aibu. Nani aliwaambia watu kwamba kutafuta ugonjwa kwenye titi ni uchafu? Titi hili hili ambalo kila mmoja wao, mume, daktari na wale vijana wa kuvunja milango, alilinyonya mbele ya umati akipigiwa makofi kwa kushiba!

Wiki hiyo alikata kipande cha sponji kutoka kwenye godoro lililozeeka. Alikichonga kwa kisu kikawa mviringo, akakivisha soksi ndefu ya nailoni, akafunga fundo mahali pa chuchu. Ndani yake alikuwa amechimba na kuficha njegere kavu, punje ya hindi, na ushanga mdogo mno, kila kimoja kwa kina chake. Kisha akatundika leso pembeni mwa kibanda, na nyuma ya leso akaweka kiti.

Mteja aliponunua sidiria, Nakhumicha alimuuliza, "Na kile unachokwenda kuweka ndani yake, unakijua?"

Wengine walikasirika. Wengine walicheka mpaka wakajishika mbavu. Lakini wengi waliingia nyuma ya leso, hata kama ni kwa udaku tu, na mle ndani aliwawekea sponji mapajani.

"Kuna vitu vitatu humo. Vitafute."

Wote bila kukosa walianza kwa kufinya. Aliwapiga vidole kwa utani. "Hununui parachichi, mama! Laza vidole. Zungusha. Bonyeza kidogo, halafu zaidi. Usiruke." Njegere ilipatikana upesi. Hindi lilichukua muda. Ushanga ulikuwa chini kabisa na wengi waliukosa mara ya kwanza kwa sababu hawakubonyeza hadi mwisho. Walipoupata walipiga kelele, na fundi cherehani wa jirani akachungulia kuuliza kama kuna nyoka. Kisha Nakhumicha aliwaeleza mambo ya kutazama mbele ya kioo: titi lililobadilika umbo, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu inayotoka, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa. Na mwisho, kila mara, alisema maneno ya Syokimau: uvimbe mwingi si kansa, lakini usikae nao nyumbani ukiuombea uondoke. Nenda ukapimwe.

Habari zilimfikia Muchiri, mwenyekiti wa kamati ya soko. Muchiri alikuwa mzee wa kanisa na mwenye nyumba za kupangisha, mtu wa koti hata jua liwe kali vipi. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa ikijiandaa kupiga kura ya katiba, ndizi kwa wanaosema ndiyo, chungwa kwa wanaosema la, na Muchiri alikuwa mtu wa ndizi hadi kwenye mifupa.

Alimwita Nakhumicha mbele ya kamati, katika ofisi ya mabati penye joto la kupikia mkate. Mezani palikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Muchiri aliufungua kwa vidole viwili, kama anayetoa panya, na titi la sponji likaviringika mbele ya wanakamati. Wanaume wakaangua kicheko.

"Hii ni nini?"

"Ulituma itolewe kibandani mwangu bila kuniuliza, halafu hujui ni nini?"

"Mama Lenox, hapa ni sokoni. Watoto wanapita."

"Na watoto hao walinyonya nini, mwenyekiti? Soda?"

Kicheko kikageuka upande. Muchiri alisafisha koo. "Tumepata ripoti kwamba unafundisha wanawake kujishikashika. Hayo ni mambo ya chumbani. Tena..." Alishusha sauti, uso ukawa mzito. "Tumeambiwa unawaambia akina mama watafute chungwa. Hii ni kampeni. Soko halina siasa."

Nakhumicha alidhani hakusikia vizuri. Kisha akaelewa.

"Ngozi!" alisema. "Ngozi ya titi ikiwa kama ganda la chungwa! Ndivyo ugonjwa unavyoonekana. Ungekuwa kama ganda la ndizi ningesema ndizi! Dadangu alikufa na ngozi hiyo. Unadhani kansa iliuliza anapigia nani kura?"

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga! Umeketi hapo na koti, unalifinya titi la sponji mbele ya watu, unacheka, na nyumbani kwako kuna mke na kuna mabinti. Umewahi kuwauliza kama wako salama? Au unangoja matiti yao yaanze kunuka ndiyo yawe si mambo ya chumbani?"

Kweli Muchiri alikuwa akilifinya bila kujua. Aliliachia kama lililomuuma.

Kwenye kamati kulikuwa na mwanamke mmoja tu, Cate, muuza mablanketi. Cate alikuwa ameingia nyuma ya leso mara mbili, na ni yeye aliyeupata ushanga upesi kuliko wote. Nakhumicha alimtazama. Ingetosha aseme sentensi moja: mimi nimefundishwa, na hakuna uchafu. Cate alitoa simu yake ya mkononi akaanza kuibonyeza, na aliibonyeza hivyo mpaka mkutano ukaisha. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo Nakhumicha alishindwa kulimeza.

Kamati iliamua kwamba kibanda chake kihamishwe hadi mwisho wa soko, kando ya vyoo, na sponji likabaki ofisini kama ushahidi, haikujulikana ushahidi wa nini. Nakhumicha alihama, akabeba sidiria zake kwa safari nyingi huku watu wakimtazama. Harufu ilikuwa mbaya na inzi walikuwa wakubwa. Lakini jambo ambalo Muchiri hakulifikiria ni kwamba kila mwanamke sokoni lazima aende choo. Walipita mbele ya kibanda kipya kutwa nzima, wauza mboga, wauza samaki, wapishi wa chapati, hata wale ambao hawakuwahi kufika kwenye safu ya nguo. Nakhumicha aliwatengenezea masponji mawili. Baada ya siku kadhaa Cate naye alikuja, akasimama akigusagusa sidiria asizozitaka.

"Leo umekuja na mdomo?" Nakhumicha aliuliza.

Cate alichomoa moja, akatoa pesa. Nakhumicha alimuuzia sidiria na hakumwambia kwaheri.

Miongoni mwa wateja wa zamani waliomfuata huko vyooni alikuwa Jackie, msichana aliyepokea simu katika duka la jumla la vyombo vya plastiki huko Ngara. Jackie alipenda mzaha. Siku ya somo lake alilitupa sponji juu, akalidaka, akauliza kama anaweza kwenda nalo kucheza mpira. Kwa hiyo Nakhumicha alishangaa alipomwona asubuhi ya Jumamosi, amesimama bila lipstiki, mikono imekunjwa kifuani.

"Sasa, Jackie."

"Anti, nimepata kitu."

"Wapi?"

"Huku, upande wa nje. Nilikuwa najaribu tu, sikuwa namaanisha. Ni kama ile njegere yako."

"Mimi si daktari. Twende kwa wenye kazi."

Jackie alichagua kliniki aliyoizoea, moja ya ghorofani karibu na kazini kwake. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kubembeleza. Alimsikiliza Jackie huku akitabasamu, akamwuliza umri, akavuta karatasi.

"Wewe bado msichana mdogo. Wasichana wana vinundu, ni mambo ya homoni. Punguza chai na kahawa, rudi tuone baada ya miezi michache."

Jackie alishusha pumzi, akachukua mkoba. Nakhumicha, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakusogea.

"Daktari, hujamgusa."

"Samahani, wewe ni nani?"

"Ni mtu aliyekuja naye. Pengine ni hizo homoni, mimi sijui. Lakini wewe pia hujui, maana hujagusa."

"Mama, ningekuomba ungoje nje."

"Sitoki. Kama unaogopa maneno ya watu, muite nesi asimame hapa, nami nitasimama hapa. Osha mikono, mguse. Akiwa hana kitu, mimi mwenyewe nitakuomba msamaha."

Daktari aliacha kutabasamu. Aliinuka, akafungua mlango na kuushikilia wazi. "Sifundishwi kazi na wapita njia," alisema. Walitoka mbele ya macho ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi, na walipofika chini barabarani, Jackie alianza kulia.

"Umeniaibisha, anti! Hapo mtu wa ofisini kwetu alikuwa ameketi!"

"Aibu!" Nakhumicha alipiga mikono yake mapajani, na mwenye kuuza mahindi ya kuchoma akageuka. "Kila mtu ana aibu! Daktari ana aibu, mwenyekiti ana aibu, wewe una aibu. Dadangu alikuwa na aibu mwaka mzima. Niambie aibu imewahi kumponya nani!"

Jackie alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Yule sista wako bado yuko?"

Alikuwepo. Sista Syokimau alikuwa vile vile, ila uzi wa miwani ulikuwa mwingine. Alinawa, akasugua mikono, akaomba ruhusa. Alimtazama Jackie akiwa ameinua mikono, akamtazama akiwa ameishusha, akamlaza na kukunja kitambaa chini ya bega lake. Wakati huu alisema kila alichosikia vidole vyake vilipokuwa vikitembea.

"Hiki hapa. Umefanya vizuri kukipata. Ni cha mviringo, na nikikisukuma kinakimbia, ona. Kinateleza. Kwapa liko sawa. Kukimbia ni dalili njema, lakini siapi kwa vidole. Utachomwa sindano ndogo hapo, itoe maji au nyama kidogo, vipelekwe maabara."

Siku za kungoja majibu Jackie hakutania mtu. Nakhumicha naye aliuza sidiria za saizi zisizowafaa wateja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Majibu yalipotoka yalikuwa mafupi: uvimbe usio na ubaya, wa aina inayowapata wasichana wengi. Aangaliwe tu mara kwa mara. Jackie alimkumbatia sista, akamkumbatia askari wa mlangoni, akamvuta Nakhumicha mpaka Ngara kwenye hoteli ndogo anayokula chakula cha mchana, akaagiza chipsi na kuku kwa wote wawili.

Sahani zilifika zikitoa moshi. Jackie alianza kula kwa mikono miwili. Nakhumicha alikaa akiitazama ya kwake, na machozi yakaanza kumdondoka mezani bila sauti.

"Anti, ni habari njema. Mbona umenuna?"

"Nimefurahi. Mungu anajua nimefurahi."

"Si sura ya furaha hiyo."

"Jackie, umeona alichofanya yule sista?" Sauti ilianza chini ikapanda. "Sabuni. Maji. Mikono miwili. Kitambaa kimekunjwa chini ya bega. Hata uji haujapoa, amemaliza! Mashine hakuna, dawa ya ng'ambo hakuna. Nilikuwa nadhani dadangu alikosa jambo kubwa, jambo la watu wenye pesa. Kumbe alichonyimwa ni hicho tu! Mtu wa kuzunguka meza akamguse titi!"

Alikuwa amelitamka neno hilo kwa sauti, na hoteli nzima ilinyamaza. Mwanamume aliyekuwa meza ya pili alikohoa ndani ya soda yake. Nakhumicha alimtazama mpaka akageuza kiti.

Jackie hakusema pole. Alivuta sahani ya Nakhumicha, akaimwagia tomato sosi juu ya chipsi, akaisukuma tena mbele yake.

"Basi kasirika, anti. Una haki. Lakini kula, zinapoa."

Nakhumicha alijifuta macho kwa ncha ya leso, akachukua chipsi moja, kisha nyingine, akala huku bado amekasirika.